Mkalimani wa Kiingereza kwa Kiingereza

Pesa ya kwanza niliyolipwa kwa sababu ya ulimi wangu, nilimfasiria Mwingereza Kiingereza chake mwenyewe. Wallahi si mzaha. Ilikuwa masika ya 1994, ndani ya meli ya mchele iliyofunga gati Kilindini, Mombasa, nami nina miezi mitatu tu kazini kwa wakala mmoja wa meli ambaye jina lake nitaliacha lilipo. Kwenye barua ya ajira niliandikwa karani. Kazi yenyewe ilikuwa kupanda ngazi ya meli na bahasha, kushuka na bahasha nyingine, na baina ya bahasha mbili hizo kunywa kahawa ya mabaharia, ambayo muuza kahawa tungu wa Makadara angeimwaga mtaroni.

Bendera ya meli ilikuwa ya Panama, mwenye meli Mgiriki, nahodha mtu wa Odessa, msaidizi wake na mabaharia karibu wote Wafilipino, mchele wa Karachi. Forodha walimleta Mkisii, afya ya bandari Mtaita, na mimi mtoto wa Kibokoni, Mji wa Kale. Hapakuwa na hata mmoja wetu aliyekinyonya Kiingereza kwa mamake, na tangu saa moja asubuhi hatukusema kingine. Kazi ilikwenda kama maji. Maneno ya nahodha hayakuzidi mia tano, nadhani, lakini kila neno alilijua uzito wake kama sonara anavyojua mawe ya mizani yake. Akisema saini hapa, twasaini. Akisema mvua yaja, funga, mabaharia wafunga.

Saa nne akapanda mkaguzi wa shehena. Mwingereza mtu mzima, kaptura na soksi ndefu, aliyekaa Mombasa tangu kabla ya uhuru. Watu wa bima walimtuma kwa kuwa magunia kadhaa ya chini yalitoka yamelowa. Akateremka tumboni mwa meli, akapanda, akajifuta jasho, akamwambia msaidizi wa nahodha maneno ambayo nikiyaweka kwa Kiswahili yatakuwa hivi: yeye hangeona ubaya kulitupia jicho tena tumbo la pili, ikiwa si usumbufu mkubwa. Kisha akaenda zake kula chakula cha mchana.

Mfilipino alisikia mawili tu: haoni ubaya. Akaamrisha tumbo la pili lifungwe.

Mkaguzi aliporudi saa nane alikuta vifuniko vya chuma vimelala mahali pake na winchi zimenyamaza. Hakupaza sauti. Alisema amesikitika kidogo. Nahodha akanigeukia uso umemchangamka, akaniuliza, "Kidogo tu?" Nikamvuta kando. Nikamwambia kwamba mzee huyu amekasirika vibaya, ataandika barua, na lile tumbo afadhali lifunguliwe sasa hivi kabla hajashuka ngazi.

"Mbona hakusema?"

"Amesema."

"Lini?"

"Kabla ya kwenda kula."

Alinitazama kama mtu anayetazama kiinimacho cha karata. Tumbo likafunguliwa, magunia yakaonekana, barua haikuandikwa. Jioni nahodha akanitia mkononi dola 20, na tangu siku hiyo kila mkaguzi huyo alipopanda meli ya wageni mwajiri wangu alinituma mimi niende nikasimame karibu naye. Nilifanya kazi hiyo miaka saba, mpaka mzee aliporudi kwao.

Watu huniuliza nilijuaje. Si kwa sarufi. Sarufi yule Mfilipino aliijua kunishinda. Nilijua kwa sababu ya bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, ambaye maishani mwake hakuwahi kuniambia "nipe maji". Alikuwa akisema, "Mwanangu, jua la leo limekuja na nduguze," nawe usipoinuka kwenda mtungini basi huna adabu. Mgeni akimwambia ameshiba, alimwongeza. Fundi akimwambia kesho inshallah, alihesabu juma zima. Yule mkaguzi alikuwa akizungumza kama mwanamke wa makamo wa Kibokoni, tofauti ilikuwa kaptura. Kiingereza cha kwao, kama Kiswahili cha kwetu, kilikuwa lugha ya watu waliokaa baraza moja miaka na mikaka hata nusu ya neno ikatosha. Kiingereza cha gatini kilikuwa cha watu waliokutana leo, na kesho meli yang'oa nanga. Hicho hakina nafasi ya mafumbo.

Mwaka 2003 nilipelekwa mafunzo ya wiki mbili ya mawasiliano ya redio. Mwalimu wetu alikuwa nahodha mstaafu kutoka Kerala, mtu mfupi mwenye sauti ya muadhini. Siku ya kwanza hakugusa habari za meli kabisa, alitusimulia Tenerife. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa hicho cha Uhispania, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya Waholanzi na moja ya Wamarekani, ziligongana kwenye njia ya kurukia na watu 583 wakafa. Sababu hazikuwa moja. Palikuwa na ukungu, palikuwa na haraka, na redio mbili zilisema kwa wakati mmoja zikafunikana. Lakini katikati ya yote hayo palikuwa na kauli moja ya Kiingereza kutoka ndege ya Kiholanzi, ambayo mtu angeweza kuisikia "tuko mahali pa kurukia" na mwingine akaisikia "tunaruka". Waongozaji mnarani, Wahispania, walishika ile ya kwanza. Ndege ilikuwa kwenye ya pili.

Darasa lilinyamaza. Kisha akatufungulia misemo sanifu ya mawasiliano ya baharini, ambayo Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilikuwa limeipitisha mwishoni mwa 2001. Sijapata kuona lugha iliyonyolewa kipara namna ile. Kabla ya kusema jambo waambiwa utaje kwanza ni jambo la aina gani: hili ni swali, hili ni agizo, hili ni onyo, hii ni habari. Tarakimu husomwa moja moja, kwa hivyo 150 ni moja-tano-sifuri, kwa sababu 15 na 50 kwa Kiingereza hulia kama mapacha na meli imewahi kupanda mwamba kwa kidogo kuliko hicho. Na maneno yote ya huenda, ingefaa, ungeweza, pengine, yakae pembeni. Nikamkumbuka mkaguzi wangu. Kiingereza chote alichonacho kingezuiwa getini.

Tulikuwa kumi na mmoja darasani. Aliyepata taabu kutushinda wote alikuwa mzungu mmoja wa mashua za matanga kutoka Kilifi, ndiye pekee aliyezaliwa nacho. Mwalimu akimpa zoezi la kuomba rubani wa bandari, yeye aanza na "samahani". Akiambiwa ataje mahali alipo, asema anadhani yuko karibu na. "Unadhani?" mwalimu humuuliza. "Mwamba haudhani." Siku ya tatu kijana wa watu alikuwa mwekundu masikio yote mawili. Nilimwonea huruma, na siwezi kusema uongo, nilifurahi pia. Mhindi wa Kerala anamsahihisha Mwingereza Kiingereza, ndani ya chumba cha Mombasa, na sisi wote twaona mwalimu ana haki.

Jioni ile nikivuka feri ya Likoni kwenda kumwona shangazi, nilikuwa naliwaza hilo na nimeendelea kuliwaza hadi leo. Wanaosema Kiingereza duniani, kwa makisio ya kawaida, wanakaribia bilioni 1.5. Waliozaliwa nacho hawafiki milioni 400. Yaani katika kila watu wanne wanaokisema, takriban watatu wamekuja nacho kutoka shule, kazini, au sinema. Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya mwanzoni mwa 2020 nilidhani nitasikia Kiingereza kimefungasha virago pamoja nayo. Kilibaki Brussels, Wajerumani na Wapolandi wakikisema baina yao, na pengine wakielewana vizuri zaidi mwenye nyumba alipotoka.

Hapa lazima nirudi nyuma, kwa sababu mimi jambo hili la mwenye lugha kusahihishwa lugha yake halikuanzia kwa mzungu wa Kilifi. Lilinianzia mimi.

Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza Kenya mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani wake. Sisi watoto wa Mji wa Kale tulisherehekea. Hilo tu ndilo tulilokuwa nalo! Watoto wa bara watupite hesabu, watupite sayansi, lakini Kiswahili watakitoa wapi? Insha yangu ya kwanza ilikuwa juu ya siku ya Idi. Niliandika nilivyoamka, nilivyokuta watu ndiani, nilivyosikia bibi akisema "Ndoo ule", na mtele wa biriani ulivyonukia. Daftari lilirudi limechuruzika wino mwekundu. Ndia, kosa. Mtele, kosa. Ndoo, kosa, na pembeni mwalimu, mtu mwema kutoka bara ambaye sina kinyongo naye, ameandika: ndoo ni chombo cha maji. Kwetu ndia ni njia, mtele ni mchele, na ndoo ni njoo.

Nilimpelekea bibi. Nikamsomea kosa moja baada ya jingine. Akasema, "Na aje hapa aulize njia, tuone nani atamwonyesha."

Baadaye nilipokuwa mtu mzima ndipo nikajua kisa chake. Mwaka 1928 wakubwa wa elimu wa serikali za kikoloni, wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja, walifanya mkutano wa kuchagua Kiswahili kimoja cha vitabu na shule. Wamisionari wa huku walikuwa wakikitetea Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, lugha ya mshairi Muyaka, lugha iliyotungiwa mashairi kabla wao hawajafika. Kikachaguliwa Kiunguja. Uamuzi wenyewe ni jambo la busara, Kiunguja kilikuwa kimeshafika mbali na misafara ya bara. Linaloniuma ni mahali pa mkutano. Walikutania Mombasa. Walitufuata nyumbani, wakanywa maji yetu, wakatuhukumu ubaoni.

Kwenye KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, alama zangu za Kiingereza zilizidi za Kiswahili. Habari za kibao cha shingoni kwa mtoto aliyesema lugha ya kwao shuleni, na za viboko vya lugha, mmeshazisikia, sitazirudia. Zangu zilikuwa kinyume. Kiingereza kilinipokea vizuri kwa sababu nilikwenda kwake kama mgeni, nikashika adabu za mgeni, nikajifunza kilichoandikwa. Kiswahili nilikwenda kama mwenye nyumba, nikakuta kufuli imebadilishwa.

Basi nilipomwona mzungu wa Kilifi na masikio yake mekundu, nilimjua. Kilichotupata mwaka 1928 sasa kinawapata wao, polepole, bila mkutano. Lugha ikishatoka kwenda kufanya biashara na kila mtu, itarudi na mavazi ambayo mamake hakuyashona.

Mfano ninaoupenda ni kontena, maana nimezihesabu maisha yangu yote. Kisanduku hiki kilianza safari za baharini mwaka 1956 kwa akili ya Mmarekani mmoja mwenye malori, Malcom McLean, aliyechoka kungoja makuli wapakue gunia moja moja. Leo kontena ni futi 20 au futi 40, popote uendapo. Mchina hapimi kitu kwa futi, Mjerumani hapimi kwa futi, Mkenya fundi cherehani hupima kwa inchi lakini barabara zake ni kilomita. Na bado wote watakwambia futi 40. Hakuna anayeipenda futi. Kreni zimeshajengwa kwa kipimo hicho, malori yameshaundwa, meli zimeshachongwa matumbo. Ukitaka kuibadilisha itabidi uibadilishe dunia nzima usiku mmoja. Kiingereza naona ndivyo kilivyokaa. Watu wanaouliza kama Kichina kitakiondoa husahau bei ya kununua kreni mpya. Na mwenye kontena ni nani? Aliyeipakia. Ndani inaweza kuwa na mitumba, inaweza kuwa na majani ya chai ya Kericho, McLean haulizwi.

Lakini sitaki kusema kwamba kitadumu milele, kwa sababu nimeona lugha ikifa mbele ya macho yangu, tena lugha ya Wazungu, ufuoni Bamburi.

Binamu yangu aliuza vinyago na kupeleka watalii kutazama matumbawe kwa mashua za vioo. Miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 pesa ya ufuo ule ilisema Kijerumani, kama ile ya Malindi ilivyosema Kiitaliano. Binamu hakuwahi kukanyaga darasa la Kijerumani. Alikiokota mchangani, neno kwa neno, akafika kiwango cha kumsikiliza mtu dakika moja akamwambia anatoka kusini au kaskazini ya Ujerumani. Alitania kwa Kijerumani. Aliapa kwa Kijerumani, mamake akafurahi kwa kuwa hakuelewa. Mimi na Kiingereza changu cha bahasha nilikuwa maskini mbele yake.

Kisha ikaja 1997 na ghasia za Likoni, watalii wakapungua. Ikaja 2002 na bomu la hoteli ya Kikambala, wakapungua tena. Ndege za kukodi kutoka Ujerumani zikawa za kuhesabika. Binamu akahamia kuuza madafu barabara ya Nyali. Mwaka jana nilimwomba anihesabie kwa Kijerumani, kwa mchezo tu. Alifika kumi na mbili akaanza kutafuta kwa macho. Bei alizikumbuka, mia, mia mbili, mia tano, hizo zilitoka moja kwa moja. Katikati palikuwa patupu. Lugha iliyomlisha miaka kumi na mitano imemwachia noti kubwa peke yake.

Mreno naye alitufanyia hivyo hivyo. Alijenga Ngome ya Yesu kuanzia 1593, akafukuzwa na Waomani 1698, na kwa karne nzima lugha yake ndiyo iliyokuwa ya biashara ya bahari hii, mpaka watu wasio Wareno wakifanyia mapatano baina yao. Leo ukitaka Kireno Mombasa utakipata mezani, kwenye leso, kwenye bendera. Na kwenye gereza, ambalo kwao lilikuwa neno la kanisa. Ngome ile iligeuzwa gereza na Waingereza tangu 1895 hadi 1958, nalo neno likakaa humo kama vile lilikuwa likimngoja mfungwa. Kiingereza kimeshatupa cha kwake pia. Meli, wanasema, ni lile neno lao la barua za posta, kwa sababu jahazi la moshi lililoleta barua ndilo watu walilolingojea. Manowari ni yao. Vitu hivyo vitabaki hata wenyewe wakisahauliwa.

Kitakachoking'oa Kiingereza, kama kipo, sidhani ni taifa jingine. Nadhani ni simu.

Mpwa wangu anakaa Kisauni. Kwa miaka mitano aliishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani kazi zao za chuo, kwa dola, kwa ukurasa. Niligombana naye, maana ule ni udanganyifu hata ukiuitaje, akanijibu kwamba mwenye dhambi ni anayeweka jina lake juu. Aliandika juu ya uuguzi, juu ya historia ya majimbo asiyoweza kuyaonyesha kwenye ramani. Mwezi Novemba 2022 ikatoka programu ya ChatGPT. Kabla ya mwaka kwisha wateja walikuwa wameondoka kama nzi sahani ikifunikwa. Mateso yake hayakuishia hapo. Sasa akituma barua ya kuomba kazi anaambiwa imeandikwa na mashine. Kiingereza chake ni cha shule ya Kenya, kimepigwa pasi, kila "zaidi ya hayo" na "kwa upande mwingine" iko mahali pake. Alifundishwa kukiandika hivyo ili afaulu, akafaulu.

Upande wa pili wa simu niliuona bandarini. Fundi Mchina alikuja kutengeneza mtambo, hana Kiingereza, hana Kiswahili, ana simu. Anaiambia Kichina, simu inatoa Kiswahili fasaha hasa, Kiswahili cha taarifa ya habari. "Tafadhali, naomba unisaidie kushika waya huu." Makuli walicheka mpaka wakakaa chini, hakuna aliyewahi kuombwa kitu kwa heshima hiyo pale. Nikaona Kiingereza kimeruka nje ya dirisha, Mchina na Mmombasa wanaongea bila yeye, na nikajisemea kumbe siku zake zinahesabika.

Ilikuwa kabla ya mzee mmoja wa kreni, mtu wa Kuze, kumwita yule fundi kutoka juu: "Ndoo hapa!" Simu ikafikiri. Mchina akaisikiliza, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaenda nyuma ya kibanda. Akarudi amebeba ndoo.

Mwaka 1928 umeingia hata ndani ya simu.

Nyumbani hali si ya kuchekesha sana. Mjukuu wangu ana miaka minne, yuko shule ya mabingwa wa Kiingereza, ada yake ni mshahara wangu wa miaka ile mizima. Nilimchukua sokoni kununua samaki. Akamwona pweza amelala kwenye sinia, akampigia kelele kwa furaha, jina la Kizungu. Muuza samaki akamtazama, akamtazama pweza, akasema, "Huyu hakusoma, mamangu. Mwite pweza." Nilicheka na watu. Njiani nikawa namtajia samaki mmoja mmoja, tasi, changu, kolekole, nguru, naye anarudia kwa sauti ya mtu anayejifunza lugha ya kigeni, vizuri kabisa, kwa utiifu. Mamake akiniona nalalamika huniuliza mimi nilipataje kazi bandarini. Sina jibu. Nilipata kwa Kiingereza na bibi, na bibi wa kumpa sina, nina shule tu.

Sasa nataka kumalizia na jambo ambalo sikulisema popote.

Siku hizi nafanya kazi yangu mwenyewe ya kutoa mizigo, hasa ya watu wa Kongo, inayopita hapa kwenda Uganda kisha Goma na Butembo. Zamani karatasi za huko zilikuja kwa Kifaransa. Za Rwanda pia, mpaka walipohamia Kiingereza mashuleni mwaka 2008 na karatasi zikafuata. Lakini mdomoni ni Kiswahili, Kiswahili chao. Mteja wangu mmoja ni mama wa Goma anayeleta mitumba. Mwaka juzi alinipigia simu kontena lake lilipochelewa, amekasirika, ananiuliza, "Bintu byangu biko wapi?"

Nikacheka. Mbele ya wafanyakazi wangu wawili, nikaweka simu wazi ili wasikie. Nikamwambia, "Mama, vitu. Vitu vyangu viko wapi." Akanyamaza kidogo. Akasema pole pole, kama mtoto ubaoni, "Vitu. Vyangu. Viko wapi." Halafu kwa Kifaransa akamwambia mtu aliyekuwa karibu naye neno ambalo sikulijua.

Wafanyakazi walirudi kwenye kazi zao. Mimi nilikaa na simu mkononi na wino mwekundu wote wa 1985 ulikuwa kwenye vidole vyangu. Kiswahili cha mama yule kimevuka maziwa na misitu, kimelisha miji mikubwa kuliko Mombasa, na hakuna mkutano wowote uliokialika. Hakikukosea. Kilikuwa kimekwenda tu.

Sikumwomba radhi, sikujua ningeanzaje. Mwezi uliopita kontena lake jingine lilipita mpaka wa Malaba usiku, nikamtumia ujumbe wa sauti kabla ya kulala. Mke wangu alikuwa kitandani, akanisikia nikisema, "Mama, bintu byako biko ndiani, bitafika salama."

Akageuka. "Bintu ndiyo nini?"

Kabla sijamjibu simu ikalia. "Aksanti, papa," alisema mama wa Goma. "Ndiani ndiyo wapi?"